Mbio za Mama Maafa

Mbio za bure hazina matanga. Ndivyo alivyowaambia mwalimu wenu leo mlipokimbizwa na baragumu mpaka kule juu shuleni, mkafika mnahema na kununa, sivyo? Na nyinyi mkadhani ameitoa kitabuni. Wala! Hiyo haikutoka kitabuni, wala hatukuachiwa na wahenga wa kale ambao hakuna aliyewaona. Imezaliwa hapa hapa Mrindaa, na mimi nilikuwepo. Kaeni basi niwaeleze ilivyokuwa. Ila msinikatize. Nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau.

Palikuwa na mwanamke mmoja, Skolastika Komba, Mngoni wa huko Songea. Mfupi, mwembamba, miguuni buti za mvua masika na kiangazi. Serikali ilimleta wilayani kwetu awe mratibu wa maafa, kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Wenzake walikuwa na magari na makarani. Yeye alipewa meza moja mlangoni mwa stoo na pikipiki iliyosukumwa zaidi kuliko ilivyopandwa. Watu wa hapa wakampa jina, Mama Maafa. Akionekana anapanda huku, wanawake tulikuwa tunaulizana, "Haya, leo katuletea balaa gani?" Naye alikuwa anacheka na sisi. Hakuwa na makuu yule mama.

Alichokuja kukitazama huku ni huu mlima. Wakati huo nyumba zetu zilikuwa kule chini, zimejipanga kando ya mfereji, na mlima umezisimamia kwa nyuma. Sisi tulizaliwa chini yake, hatukuuogopa. Yeye siku ya kwanza tu aliuzunguka peke yake kutwa nzima, akarudi na matope mpaka kiunoni, akasema, "Jamani, huu mlima umeshiba maji. Ipo siku utateremka." Tukamwambia mlima hauna miguu, mama, karibu uji.

Lakini alikuwa king'ang'anizi. Akataka tufanye mazoezi ya kukimbia, yaani ishara ikitolewa, kila mtu aliye chini apande juu shuleni. Akauliza, hapa huwa mnaitwaje kwa pamoja? Tukamwambia kwa baragumu la msaragambo. Nyinyi wa siku hizi msaragambo mnaujua kwa kuusikia. Sisi tulikulia ndani yake. Mzee Senkondo Mgonja, aliyekuwa mtunza baragumu, akilipuliza, kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake, mnateremka mferejini kuzibua. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa faini. Mama Maafa akafurahi sana. "Kumbe kila kitu kipo tayari," akasema. Akamwomba Mzee Mgonja apulize siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Yeye akasimama juu shuleni na saa yake mkononi kutungoja.

Baragumu likalia, na watu wakatoka mbio, kweli. Mbio kwelikweli! Lakini zote kuteremka. Tukashuka na majembe mabegani mpaka mferejini, pale pale ambapo mlima ungetuangukia. Tena kila nyumba mtu mmoja. Wazee, wajawazito na watoto tuliwaacha majumbani, maana ndiyo desturi. Mama Maafa akateremka akikimbia, akatukuta tumejipanga tunangoja kugawiwa kazi. Akaniuliza mimi, "Mama Nakijwa, wengine wako wapi?" Nikamjibu kwa heshima zote, "Mimi nimekuja kwa niaba ya nyumba yetu."

Alicheka yule mwanamke mpaka akakaa chini kwenye majani. "Yaani mmetuma wawakilishi waje kuokolewa?" Na sisi tukacheka. Alipomaliza kucheka nikamwona anajifuta macho, na hakuwa anacheka tena.

Basi akatufundisha upya. Baragumu moja refu ni msaragambo, teremka na jembe. Baragumu tatu fupi ni mlima, acha jembe, beba watu wote, panda. Akaingia nyumba kwa nyumba, akaandika kwenye daftari lake nani yuko wapi na nani atambeba nani. Tulikimbia mwezi wa kwanza, tukakimbia mwezi wa pili. Akatufundisha pia kuiangalia chemchemi ya juu ya mfereji. Maji yakitoka na tope, mlima umeanza kusogea. "Na yakikauka katikati ya mvua," akasema, "msiningoje hata mimi. Maji hayajaisha, yamezuiwa tumboni mwa mlima."

Sasa njooni kwenye ugomvi, maana mimi na yeye tuligombana.

Ilikuwa harusi ya binti yangu Nakijwa. Ndiyo, mama yako wewe Mbazi, usinitumbulie macho. Jumamosi, mvua za masika zimeanza, lakini siku ile jua lilikuwa limechomoza. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamefika na suti zao. Sufuria tatu za pilau zilikuwa jikoni, zimeshapaliliwa makaa juu. Bibi harusi ndiyo kwanza anavikwa shela. Nikasikia baragumu. Moja. Mbili. Tatu. Fupi.

Mama Maafa alikuwa ameikuta chemchemi inatoa tope jekundu. Tukakimbia, mwanangu! Bibi harusi kashika shela kwapani, wakwe zangu wanateleza kwenye matope na viatu vyao vya kung'aa, bibi yao mzaa baba kabebwa mgongoni kama gunia la viazi. Tukakaa kule shuleni tangu saa sita mpaka saa kumi, na mvua ikatukuta pale pale. Mlima haukutikisika hata kokoto moja. Tuliporudi, sufuria mbili zilikuwa zimeungua kabisa, na ya tatu ilikuwa imeshaliwa na mbwa wa kijiji kizima. Wakwe zangu hawakusema neno, na hilo ndilo lililoniua.

Kikao kikaitishwa, na Afisa Tarafa akaja. Mimi ndiye niliyesimama kwanza, na ulimi wangu mnaujua.

"Huyu mama anatuchezea!" nikasema. "Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ya kwake inalia na haina jambo lolote! Ametukimbiza bure mara tatu, na hii ya nne kaniharibia harusi ya mwanangu. Aondolewe."

Watu wakapiga makofi. Afisa Tarafa akamgeukia. "Mratibu, una la kujibu?"

Akasimama na buti zake. "Mama Nakijwa, nakuomba radhi kwa harusi, kutoka moyoni. Nina swali moja tu. Tumekimbia bure mara nne, ni kweli. Katika mbio zote nne, tumekaa matanga ya nani?"

"Ya pilau yangu!" nikamjibu, na kikao kizima kikaangua kicheko.

"Basi hayo nitakuja kuyakaa," akasema, akaketi.

Uamuzi ukatoka. Mratibu asipige baragumu tena bila kibali cha maandishi kutoka wilayani, na akikaidi, kazi hana. Akaandikiwa barua, akatia sahihi mbele yetu. Mimi nilirudi nyumbani nikijiona mshindi.

Kesho yake asubuhi nasikia hodi. Ni yeye, na mchele kichwani. "Nimekuja matangani," akasema. Nilitaka kumfukuza, wallahi, lakini mtu akija na mchele unamfukuzaje? Akaingia jikoni akakunja mikono ya gauni, akaanza kuuchambua. Tukapika. Aliunguza vitunguu, maana upishi haukuwa fani yake, nikamnyang'anya mwiko. Hapo ndipo nilipomuuliza, "Dada, kazi zote za serikali, kwa nini ukachagua hii?"

Akanieleza kwamba alianza kama karani. Mwaka mmoja, kule alikokuwa, mto ulibeba kitongoji, naye akapandishwa kwenye lori la msaada. "Nilipeleka mablanketi mia moja, Mama Nakijwa. Waliobaki wa kujifunika walikuwa kumi na tisa. Yaliyobaki nikayarudisha stoo, nikayahesabu, nikayatilia sahihi. Siku ile niliapa kwamba mimi nitakuwa nafika kabla. Sitaki tena kufika baada."

Nilimpakulia nyama ya mfupa, ile ambayo humpi mtu usiyempenda. Tangu siku hiyo nikawa namwita Skola.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa mabaya. Mvua ilinyesha siku tano bila kupumua. Siku ya sita ikakatika, jua likatoka, watu wakaanza kuanika nguo. Nakijwa alikuwa kwangu, amejifungua siku tisa zilizopita. Yule mchanga ndiye wewe, Mbazi, unayenuna hapo kwa sababu umepandishwa kilima umbali wa hatua mia tano. Na mnajua kwetu mzazi hatoki ndani kabla siku zake hazijatimia, na mtoto haonyeshwi upepo. Mama yangu hakuivunja desturi hiyo, wala mimi sikuwahi kuivunja.

Saa tatu asubuhi Skola akaingia uani kwangu. Hakupiga hata hodi, akaegemea ukuta. "Chemchemi imekauka," akasema.

"Umepiga simu wilayani?"

"Nimepanda mpaka kwenye mtandao, nimepiga mara tatu. Wananiambia mkubwa yuko kikaoni, nisubiri." Akanitazama. "Nimekuja kukuaga. Naenda kupiga baragumu. Nikikosea safari hii, Mrindaa hamtaniona tena. Na nikifukuzwa mimi, hawataleta mwingine. Meza yangu watawekea makasha."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi sikuwa na hofu na kazi ya Skola peke yake. Ndani kwangu mlikuwa na mzazi na kichanga cha siku tisa. Nikimtoa mtoto kwenye baridi ile, mlima usianguke, na yeye akashikwa na kifua akafa, wakwe zangu watasema nini? Kwanza niliwaharibia harusi, sasa nimewaulia mtoto kwa mbio za bure. Nilisimama pale uani nikiwa sijui nilie au nikimbie. Halafu nikaikumbuka ile sauti yake kikaoni, tumekaa matanga ya nani, na safari hii sikuona cha kuchekesha.

"Skola," nikasema, "wewe umekatazwa kupiga. Mimi kanikataza nani?"

Nikatoka mbio mpaka kwa Mzee Mgonja. Alikuwa kibarazani anakunywa kahawa. "Baba, piga tatu. Chemchemi imekauka."

Akashusha kikombe taratibu. "Mama Nakijwa, si wewe uliyesimama kikaoni? Si wewe uliyesema baragumu lisipigwe ovyo? Na tukikosea je?"

"Tukikosea, baba, tutakuwa tumekimbia bure. Na mbio za bure hazina matanga. Piga!"

Ndivyo lilivyonitoka, watoto. Sikulitunga. Mzee alinitazama machoni, akanyanyuka, akalichukua baragumu, akapuliza mara tatu.

Na Mrindaa ikakimbia. Walinung'unika, walitukana, walisema Mama Maafa kaanza tena, lakini miguu ilikuwa imezoea. Hakuna aliyeshika jembe. Kila mtu alimbeba wa kwake kama ilivyoandikwa kwenye daftari. Nilimfunga Mbazi kifuani, nikamfunika kanga tatu, Nakijwa nikamshika mkono. Alikuwa analia kwa maumivu kila hatua. "Mama, siku zangu hazijaisha," ananiambia. Nami namwambia, "Kimbia, mwanangu, lawama zote ni zangu."

Tukafika shuleni. Ikapita saa moja, ikapita ya pili. Mlima ulikuwa umekaa kimya juani, mzuri kabisa. Mbazi akaanza kukohoa, na kila alipokohoa moyo wangu ulikatika. Mzee Mgonja akaja taratibu, akasema, "Mama Nakijwa, mlima wako umelala." Wanaume kadhaa wakasema wanarudi kulisha ng'ombe. Skola akaenda akasimama katikati ya njia, akatandaza mikono, kimtu kile kifupi.

"Nipeni saa moja tu," akawaambia. "Kama ni kazi, nimeshaipoteza. Nitukaneni mnavyotaka, lakini nitukaneni mkiwa huku juu."

Wakamtukana, basi. Mmoja alikuwa katikati ya tusi wakati ardhi ilipotikisika.

Siwezi kuwaelezea ule mlio. Kipande kizima cha mlima kiliachia, udongo mwekundu na miti imesimama wima ndani yake, ukapita juu ya mfereji, ukapita juu ya migomba, ukapita juu ya nyumba kumi na tisa. Ya kwangu ilikuwa ya nne. Niliiona mpaka paa, halafu sikuiona tena. Mle chumbani alimokuwa amelala Nakijwa na mwanawe asubuhi, palikuwa hapana chumba.

Skola akafungua daftari, akaanza kuita nyumba moja moja. Kila nyumba ikaitika kwa idadi yake. Alipofika kwangu nikamwinulia mtoto tu. Akaandika. Watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa chini asubuhi ile, na wote mia mbili na kumi na wanne walikuwa pale uwanjani. Tulipoteza ng'ombe, mbuzi, nyumba na mashamba, tukavililia vyote. Lakini hakuna aliyekaa matanga.

Mkohoaji alipona kwa maji ya moto na mafuta ya kondoo. Ile barua ya kibali hatukuisikia tena. Wakubwa walikuja na magari, wakatoa hotuba, wakapiga picha na Skola katikati. Sisi tukajenga upya huku juu tunakokaa sasa.

Lakini ngojeni, hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani methali ilizaliwa siku ya mlima. Hapana! Siku ile mbio zetu hazikuwa za bure. Siku ile mimi niliyatamka maneno tu, kwa hofu. Kuyaelewa kulikuja baadaye. Maana mlima ulikuwa haujamaliza, umebaki na ufa mwingine juu ya hizi nyumba zetu mpya, mbali na shule, na Skola aliendelea na kazi yake miaka kumi mingine. Akatukimbiza katika miaka hiyo mara saba, na mara zote saba mlima haukuanguka. Tulipanda, tukakaa, tukarudi. Mara ya kwanza tulirudi kimya. Mara ya pili mtu mmoja akasema, "Haya, bure tena!" Mwingine akamjibu, "Mbio za bure hazina matanga," watu wakacheka wakaenda kupika. Hapo ndipo ilipokuwa methali, siku mtu mwingine alipoisema bila kuniuliza mimi.

Halafu akafika umri wa kustaafu. Wilayani wakamwandalia sherehe na keki. Akawaambia asanteni, lakini siku yake ya mwisho kazini ataimalizia Mrindaa. Akaja kiangazi, mbingu nyeupe, vumbi tupu, akamwomba Mzee Mgonja apige tatu. Mzee kwa wakati huo alikuwa hawezi hata kutembea, anabebwa. "Kiangazi hiki?" akafoka. "Mlima gani unaporomoka kiangazi?" Akapuliza hivyo hivyo, tena kwa pumzi zake zote, akanyoosha mikono abebwe.

Tukapanda wote. Skola akaita majina, akamaliza, akafunga daftari, akaja kukaa kando yangu kwenye ngazi za darasa. Nikaona machozi.

"Mama Nakijwa," akasema, "wenzangu wakistaafu wanaonyesha barabara, wanaonyesha zahanati. Mimi nionyeshe nini? Siku kazi yangu ikienda vizuri, hakuna kilichotokea."

Nikamshika kidevu kama mtoto, nikamgeuza uso uwanjani. Pale palikuwa na watu mia mbili na arobaini na mmoja, jasho linawatiririka, wamemkasirikia kweli kweli. Kina mama wanalalamika mboga zimeungua, wazee wanasema magoti, vijana wanasema mwanamke huyu afadhali anastaafu. Akawasikiliza wakimsema, mmoja mmoja, mpaka akaanza kutabasamu. Aliniegemea bega, tukakaa hivyo mpaka watu walipochoka kumlaumu na kuanza kumkumbatia.

Basi kesho baragumu likilia na mlima usianguke, njooni mnune tena hapa hapa mbele yangu, nyote, bila kupungua hata mmoja. Nitawapikia, na nitawasikiliza mkilalamika. Mbio za bure hazina matanga.